Kura Arobaini na Tatu: Uchaguzi Mdogo wa Westminster, 1924

Mpenzi msomaji, makala haya ni adhabu. Nasema hivyo mapema ili usije ukadhani kwamba niliamka asubuhi moja nikiwa na kiu ya historia ya Waingereza. La hasha! Nilitumwa maktaba, nami nikaenda kichwa nimekiinamisha.

Mtakumbuka mdahalo wa Chama chetu cha Kiswahili muhula wa pili. Hoja ilikuwa: Kura moja haibadilishi chochote. Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande wa kuunga mkono. Nilisimama nikakaza tai, nikasema kura ya mtu mmoja ni sawa na punje ya chumvi iliyotupwa katika Ziwa Victoria; utamu wa ziwa haubadiliki, samaki hawajui lolote. Nilipigiwa makofi hata na wapishi waliokuwa wakichungulia dirishani. Nikaketi nikijiona Shaaban Robert mdogo. Ndipo akainuka mvulana wa Kidato cha Pili, mdogo wa umbo na sauti, akasema polepole, "Bwana Mwenyekiti, naomba kujuzwa. Uchaguzi ukiamuliwa kwa kura mbili, je, punje hizo ni za chumvi au za dhahabu?" Jameni, ukumbi ulilipuka. Watu walicheka wakinitazama mimi, kisha wakamtazama rafiki yangu wa dawati moja.

Kwa wasiojua, nitaeleza. Wiki mbili kabla ya mdahalo huo tulimchagua katibu wa chama. Rafiki yangu aligombea, akashindwa kwa kura mbili tu. Mimi na wenzangu wawili, ambao tulikuwa tumemwahidi kura zetu, tulikuwa uwanjani tukicheza kandanda. Tulijua fika kwamba atashinda. Kila mtu alikuwa akisema atashinda. Sasa wewe fanya hesabu: watu watatu uwanjani, kura mbili zimepungua. Yeye hakunigombeza hata neno moja. Aliacha tu kuniazima kamusi yake.

Baada ya mdahalo mwalimu mlezi wa chama aliniita kando. "Kijana," akaniambia, "tafuta uchaguzi wa kweli, uliofanyika mbali na hapa ili usimtukane mtu, ulioamuliwa kwa kura chache. Uandike kwa ajili ya jarida letu. Nataka hesabu, sitaki hotuba."

Haya basi, twende London, mwaka wa 1924.

Kwanza tuelewane kuhusu uchaguzi mdogo. Uchaguzi mkuu ni ule wa nchi nzima. Uchaguzi mdogo ni wa eneo moja la bunge, nao huitishwa kiti kikibaki wazi kabla ya wakati wake, kwa mfano mbunge akifariki au akijiuzulu. Hapa Kenya Katiba ya 2010 inataka ufanyike katika muda wa siku 90 tangu kiti kibaki wazi. Kwa kuwa ni eneo moja tu linalopiga kura siku hiyo, macho yote ya nchi huelekezwa hapo. Vigogo wa vyama humiminika, magazeti yote huenda huko, na mambo ambayo katika uchaguzi mkuu yangepita bila kuonekana hukuzwa kama mdudu chini ya kioo cha maabara yetu ya biolojia.

Mwezi wa Februari 1924 alifariki Jenerali John Nicholson, mbunge wa Chama cha Wahafidhina wa eneo lililoitwa Westminster Abbey. Eneo hilo halikuwa la kawaida. Ndani yake mlikuwa na majengo ya Bunge lenyewe, jumba la mfalme la Buckingham, vilabu vya matajiri, na kumbi za michezo ya kuigiza. Lakini mlikuwa pia na mitaa ya Soho na Pimlico, ambako watu wa kipato kidogo waliishi wakibanana, na soko la mboga na matunda la Covent Garden, ambako wachukuzi walibeba makapu vichwani tangu alfajiri. Kwa hiyo mkuu wa ukoo mtukufu na mchukuzi wa soko walikuwa wapiga kura wa mbunge mmoja. Msidhani hata hivyo kwamba kila mtu alikuwa na haki sawa. Wanaume walipiga kura wakiwa na miaka 21, ila mwanamke alisubiri mpaka awe na miaka 30 na awe na sifa fulani za makazi au mali, yake au ya mumewe. Usawa ulikuja 1928. Tena mfanyabiashara mwenye ofisi Westminster na nyumba mahali pengine aliandikishwa sehemu zote mbili. Kura za aina hiyo ziliondolewa kwa sheria ya 1948. Katika eneo lililojaa ofisi na maduka kama lile, hilo si jambo dogo.

Wahafidhina wa eneo hilo walimchagua mpwa wa marehemu, Otho Nicholson, awe mgombea wao. Kiti kimetoka kwa ami kimeenda kwa mpwa. (Nyinyi mnaocheka, mnacheka nini? Nasema ya London tu.) Eneo lilikuwa ngome ya Wahafidhina, na mambo yangekwisha hivyo bila kelele, kama asingetokea mtu mmoja.

Mtu huyo ni Winston Churchill. Sisi tunamjua kwa Vita Vikuu vya Pili, mzee mnene mwenye sigara kubwa. Mwaka wa 1924 alikuwa na umri wa miaka 49 na wengi walidhani habari yake imekwisha. Aliingia bungeni 1900 kwa tikiti ya Wahafidhina. Mwaka wa 1904 akahamia kwa Waliberali. Kenya mbunge akihama chama alichochaguliwa nacho hupoteza kiti. Sheria ya namna hiyo ndiyo iliyoleta uchaguzi mdogo wa mwaka 1966, wakati wafuasi wa Jaramogi Oginga Odinga waliojiunga na KPU walipolazimishwa kurudi kwa wapiga kura. Uingereza haikuwa hivyo. Churchill alihama na kiti chake kwapani. Lakini wapiga kura walimwadhibu kwa njia nyingine. Mwaka wa 1908, alipoteuliwa waziri, desturi ya siku hizo ilimtaka athibitishwe tena na wapiga kura wake wa Manchester, nao wakamkataa kwa kura 429. Mwaka wa 1922 alishindwa Dundee, akiwa ndio kwanza ametoka kupasuliwa tumboni. Desemba 1923 akashindwa tena Leicester. Ikawa kushindwa mara mbili mfululizo.

Januari 1924 kikatokea jambo lililomtikisa. Katika uchaguzi wa Desemba hakuna chama kilichopata wingi wa viti. Wahafidhina walikuwa na viti 258, Chama cha Leba 191, na Waliberali hawakufika 160. Waliberali wakakubali Leba iunde serikali, na Ramsay MacDonald akawa waziri mkuu wa kwanza wa chama cha wafanyakazi katika historia ya nchi hiyo. Churchill aliona Waliberali wenzake wamefungua mlango kwa watu aliowaogopa. Akaamua kuwapa mgongo, akasimama Westminster akiwa mgombea wa kujitegemea, akijiita mtetezi wa katiba anayepinga usoshalisti.

Hapa ndipo Wahafidhina walipopasuka katikati. Mgombea rasmi walikuwa naye, Nicholson. Lakini wakubwa wengi wa chama hicho walimtaka Churchill arudi nyumbani, na wabunge kadhaa wa Wahafidhina walimfanyia kampeni waziwazi dhidi ya mgombea wa chama chao wenyewe! Kiongozi wa chama, Stanley Baldwin, alikuwa kama mzazi ambaye watoto wake wanapigana na wageni wako sebuleni. Arthur Balfour, aliyewahi kuwa waziri mkuu, aliandika barua ya kumuunga mkono Churchill, lakini Baldwin akamzuia asiitoe. Kisha Leo Amery, aliyekuwa waziri katika serikali ya Baldwin iliyotangulia, akachapisha gazetini barua ya kumuunga mkono Nicholson. Baldwin akaona haki itendeke, akaruhusu na ile ya Balfour itoke. Kwa hiyo mpiga kura wa Pimlico alisoma kutoka kwa wakubwa wa chama kimoja barua mbili zinazopingana. Ungekuwa wewe ungemsikiliza nani?

Kampeni ilikuwa kama sherehe. Churchill mwenyewe aliandika baadaye kwamba wakuu wa koo tukufu, wapanda farasi wa mashindano, mabondia, waigizaji na wafanyabiashara wote walijitokeza kumsaidia, na wasichana wachezaji wa ukumbi wa Daly's walikesha usiku kucha wakiandika anwani kwenye bahasha za barua zake za kampeni. Nimelisoma jambo hilo mara mbili. Mgombea wetu wa ukatibu alikuwa na kipande kimoja cha karatasi kilichobandikwa mlangoni mwa bwalo, nacho kikaondoka na upepo.

Wagombea wengine walikuwa wawili. Waliberali walimsimamisha Scott Duckers, wakili aliyewahi kufungwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza kwa kukataa kwenda jeshini. Leba nao walimsimamisha mfungwa mwenzake wa aina hiyohiyo, kijana wa miaka 35 aitwaye Fenner Brockway, mwana wa wamisionari, aliyezaliwa Calcutta, Bara Hindi. Liwekeni jina hilo mahali, nitalirudia.

Kura zilipigwa tarehe 19 Machi 1924. Wakati wa kuhesabu, mafungu ya mwisho yakiwa mezani, mtu mmoja alimwambia Churchill kwamba ameshinda kwa kura 100. Watu wake wakashangilia. Umati uliokuwa nje ukasikia, nao ukashangilia, na waandishi wakatuma habari kwa simu za upepo kote duniani. Baada ya muda kidogo takwimu halisi zikatoka:

Nicholson 8,187, Churchill 8,144, Brockway 6,156, Duckers 291.

Nicholson ameshinda kwa kura 43. Katika darasa letu tuko wanafunzi 46, kwa hiyo ni darasa letu ukiwaondoa watatu. (Najua watatu wa kuondoa. Walikuwa uwanjani.)

Sasa tufanye hesabu, maana mwalimu alizitaka. Ukijumlisha kura zote unapata 22,778. Kura 43 katika hizo hazifiki hata mbili katika kila elfu moja. Lakini hata 43 ni nyingi mno. Kama watu 22 tu waliomchagua Nicholson wangebadili nia, yeye angepungukiwa 22, mwenziwe angeongezeka 22, na Churchill angeshinda kwa kura moja. Watu 22 ni timu mbili za kandanda. Mimi sikuitafuta takwimu hiyo, ilinitafuta yenyewe.

Tena tazama upande wa mshindi. Kura 8,187 katika 22,778 hazifiki asilimia 36. Maana yake ni kwamba kati ya kila watu mia waliopiga kura, 64 walimkataa mbunge waliyepewa. Mtindo wa Uingereza ni mwenye nyingi ndiye mshindi, hata kama nyingi zake ni chache. Wabunge wetu wa Kenya huchaguliwa hivyohivyo mpaka leo. Ni rais tu anayetakiwa na Katiba ya 2010 apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na masharti ya kaunti. Ukijumlisha kura za Nicholson na Churchill, ambao wote wawili waliwapinga wasoshalisti, unapata 16,331. Brockway hakuweza kufikia huko. Ila mgawanyiko wao ulikuwa hatari: angepata kura elfu mbili na kidogo zaidi, angewapita wote wawili, naye akiwa na thuluthi tu ya kura.

Halafu kuna wale 291 wa Duckers. Mwanzoni niliandika kwenye daftari langu: "Duckers ndiye aliyemwangusha Churchill, maana 291 ni karibu mara saba ya 43." Nilijiona nimegundua Amerika. Mwalimu akapitisha kalamu nyekundu, akaandika pembeni, "Nani kakwambia wangempa Churchill?" Nikakaa nikafikiri. Watu 291 walioendelea kumpigia Mliberali kura katika mbio ambazo hakuwa na nafasi hata kidogo ni Waliberali wa damu. Churchill ndiye aliyekuwa ametoka kukipa chama chao mgongo, na Duckers alikuwa mpinga vita. Huenda wengine wangemfuata Brockway, na wengine wangebaki nyumbani. Kwa hiyo futa. Tusiwe kama wale wanasiasa wanaojumlisha kura za wenzao kana kwamba ni mbuzi wa boma moja. Duckers mwenyewe alipoteza dhamana yake ya pauni 150, kwani ilimbidi apate angalau thumuni ya kura zote.

Nitie kando neno moja la lugha, hili likiwa jarida la Kiswahili. Neno kura limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni ile ya kupiga bahati: vijiti vinatupwa au karatasi zinachanganywa, na linaloanguka ndilo. Bado tunalitumia hivyo tunapopigia kura kitanda cha juu bwenini. Neno hilohilo tukalipa kazi ya kuchagua kwa hiari na akili. Katika tofauti ya 43 maana hizo mbili zinakaribiana sana. Mvua ikinyesha jioni, treni ikichelewa, mtu akisahau miwani yake, tayari jina la mbunge limebadilika.

Nini kilifuata? Ni ajabu. Aliyeshinda, Nicholson, alikaa bungeni hadi 1932, na nje ya uchaguzi huu sijaona pahali anapotajwa sana. Aliyeshindwa kwa kura 43 alikuwa amewaonyesha Wahafidhina kwamba watu wao wanamtaka. Katika uchaguzi mkuu wa Oktoba mwaka huohuo akasimama Epping akiungwa mkono na Wahafidhina, akashinda, na mwezi uliofuata Baldwin akamfanya Waziri wa Fedha. Kutoka Machi hadi Novemba ni miezi minane.

Na sisi huku? Churchill hakuwa mgeni wa Kenya. Mwaka wa 1907, akiwa naibu wa Waziri wa Makoloni, alipanda reli kutoka Mombasa, akiketi kwenye benchi iliyofungwa mbele ya kichwa cha treni ili atazame wanyama, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu cha safari hiyo. Mwaka wa 1921 na 1922 alikuwa Waziri wa Makoloni mwenyewe. Ni katika wakati wake, Machi 1922, Harry Thuku alipokamatwa na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi, Muthoni Nyanjiru akiwa miongoni mwa waliouawa. Kwa hiyo wachukuzi wa Covent Garden walipokuwa wakichagua kati ya watu wanne mwaka wa 1924, walikuwa wakichagua na juu yetu. Baba wa babu zetu hawakuwa na kura London wala Nairobi. Waafrika wa Kenya waliwachagua wawakilishi wao wa kwanza Machi 1957, na hata hapo ilikuwa kwa wenye sifa maalum, wengine wakipewa kura mbili au tatu kwa elimu na mali zao. Wale wafanyabiashara wa Westminster walikuwa wameshanyang'anywa upendeleo wao, nasi tukaletewa wetu.

Sasa lirudisheni lile jina nililowawekea. Brockway, wa tatu katika orodha, aliendelea na safari yake. Alifika Kenya 1950. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Baring alipotangaza hali ya hatari, na Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa, waziri mkuu wa Uingereza alikuwa Churchill. Kabla vumbi halijatulia, Brockway, sasa mbunge, alipanda ndege pamoja na mbunge mwenzake Leslie Hale wakaja Kenya kujionea. Akarudi bungeni kuuliza maswali juu yetu, tena na tena, serikali ya Churchill ikiwa imeketi mbele yake. Mwaka wa 1954 akaanzisha na wenzake chama cha kupigania uhuru wa makoloni. Alifariki 1988, miezi michache tu kabla ya kutimiza miaka mia. Wapinzani wawili wa Machi 1924, waliogombania mitaa ya Soho wakashindwa wote wawili, walikutana tena baada ya miaka 28, na safari hii waliyegombania habari zake ni sisi.

Hapo ndipo nilipokuwa nimekusudia kumalizia. Lakini juzi wakati wa prepu nilimwekea rafiki yangu daftari upande wake wa dawati bila kusema kitu. Akasoma mpaka mwisho, akarudi ukurasa wa hesabu. Kisha akasema, kwa mara ya kwanza tangu muhula wa pili nje ya yale ya "sogea" na "kengele imelia":

"Umehesabu waliokwenda. Je, ambao hawakwenda?"

Nikarudi maktaba. Zaidi ya thuluthi moja ya walioandikishwa Westminster Abbey hawakupiga kura siku ile. Hao ni zaidi ya watu elfu kumi. Nikaiandika takwimu hiyo chini ya zile nyingine, nikamrudishia. Akaisoma, akafungua droo yake, akanisukumia kamusi. Akasema tahajia ya neno thuluthi nilikuwa nimekosea.